"Si umeelewa?" si jibu

Ndugu Mhariri,

Siku hizi mtu akisahihishwa maandishi yake ana jibu tayari mdomoni: "Si umeelewa lakini?" Nukta hakuna, neno limekatwa vipande viwili, swali halina kiulizi, na bado mwandishi anajiona ana haki kwa kuwa msomaji ameambulia maana. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tulijibu hilo, sisi ambao kazi yetu ni kusoma prufu na kusafisha maandishi ya watu: mikataba, mihtasari ya vikao, katiba za vikundi, matangazo. Insha za mitihani tunawaachia walimu. Tunasemea ujumbe wa simu, bahasha ya dawa, risiti ya mkono, na ile karatasi ya mauziano itakayotolewa kabatini siku ambayo aliyeiandika hayupo tena kueleza alimaanisha nini.

Tuanze na kiulizi, maana ndicho kinachoachwa mno. Mwingereza akiuliza hupindua mpangilio wa maneno yake, kwa hiyo hata akisahau alama, swali linabaki swali. Sisi hatupindui kitu. "Umetuma pesa" na "Umetuma pesa?" ni maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kinachoyatenganisha ni sauti inayopanda mwishoni, na kwenye maandishi sauti haipo. Ndugu aliyeko nyumbani anaandika "mgonjwa amekunywa dawa" akiuliza. Anayeingia zamu ya kukaa na mgonjwa anasoma kama taarifa, anashukuru Mungu, anakaa. Dozi ya jioni imepita hivyo. Katika mambo ya dawa na pesa tunashauri swali liwekewe ulinzi wa pande mbili: "Je, mgonjwa amekunywa dawa?" Kiulizi kikidondoka, "je" inabaki. "Je" ya mwanzoni hufuatwa na mkato. Ya mwishoni hushikamana na kitenzi: "tutafikaje", "amelipaje". Ukiandika "tutafika je" umeiacha ikining'inia.

Mkato nao unaonewa, na hasa pale tunapomwita mtu. Kiswahili chetu huweka cheo, undugu na jina bega kwa bega: Mama Asha, Baba Juma, Shangazi Rehema, Mwalimu Hamisi. Sasa tazama ujumbe huu katika kundi la wazazi, saa 12 jioni: "Mwalimu Hamisi hajafika nyumbani". Ulivyo, unasema kuna mwalimu aitwaye Hamisi ambaye hajarudi kwake, na wazazi wengine wataupita wakidhani ni mambo ya watu wazima. Aliyeuandika ni mzazi ambaye mtoto wake Hamisi hajarudi kutoka shule. Alitakiwa aandike: "Mwalimu, Hamisi hajafika nyumbani." Mkato mmoja, na mwalimu angenyanyua simu. Vivyo hivyo "Mama Asha amelipa ada" na "Mama, Asha amelipa ada": katika sentensi ya kwanza aliyelipa ni mama, katika ya pili ni Asha mwenyewe, na anayetunza daftari la ada ataandika jina kulingana na alichosoma. Anayeitwa hutengwa. Akiwa mwanzoni anahitaji mkato mmoja baada yake, akiwa mwishoni mkato mmoja kabla yake, akiwa katikati mikato miwili: "Nakuomba, mama, umwambie Asha."

Hapo hapo kuna herufi kubwa, ambayo kwetu ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Majina yetu mengi ni maneno ya kila siku: Neema, Baraka, Zawadi, Bahati, Amani, Tumaini, Furaha, Shida. "Zawadi imefika" ni kifurushi. "Zawadi amefika" ni mtu. "Tumepata baraka" ni shukrani; "Tumempata Baraka" ni taarifa kwamba mtoto aliyepotea ameonekana. Angalia kwamba kazi hiyo inafanywa na vitu viwili kwa pamoja, herufi kubwa na kiambishi (a- badala ya i-, -m- kabla ya kitenzi). Mwenye kuandika kila kitu kwa herufi ndogo, na mwenye kuandika kila kitu kwa herufi kubwa, wote wamekitupa kimoja kati ya hivyo viwili. Ndiyo maana tunaomba matangazo ya ukutani yaache kuandikwa yote kwa herufi kubwa. Kichwa cha tangazo kiwe kikubwa, maelezo yaandikwe kawaida.

Kwenye ugonjwa hatutapita haraka. Soma maagizo haya ya simu, yaliyotumwa kwa mtu anayemwangalia mgonjwa: "usimpe chakula akitapika mpigie daktari". Yana maana mbili zilizo mbali kabisa. "Usimpe chakula. Akitapika, mpigie daktari." Hapa chakula kimekatazwa moja kwa moja, na daktari anapigiwa tu kama kutapika kutatokea. "Usimpe chakula akitapika. Mpigie daktari." Hapa chakula ni ruhusa asipotapika, na daktari apigiwe sasa hivi. Kinachosababisha ni ile "-ki-" ya "akitapika": kishazi cha namna hiyo kinaweza kuegemea kushoto au kulia, na ni nukta peke yake inayokipa upande. Kwa hiyo kila unapoandika agizo lenye "ukiona", "akizidi", "ikishindikana", weka nukta kabla au baada yake, usiliache likielea kati ya maagizo mawili.

Bahasha ya dawa mara nyingi huandikwa "1x3". Mtoa dawa anamaanisha kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini mgonjwa aliyepita darasani anajua alama hiyo ni ya kuzidisha, na moja mara tatu ni tatu. Anameza vitatu kwa mpigo. Mwingine anasoma kinyume: vidonge vitatu, mara moja tu kwa siku. Andika kwa maneno, ni mstari mmoja tu: "Kidonge 1, mara 3 kwa siku: asubuhi, mchana na usiku." Kuna mtego mwingine mkubwa kuliko huo: "Meza kila saa 8". Mtoa dawa anahesabu muda, yaani saa nane zikipita unameza tena. Mgonjwa anasikia saa nane ya mchana, kila siku, na kwa siku nzima anameza dozi moja badala ya tatu. Dawa ya vijidudu ikinywewa hivyo huenda isimalize ugonjwa. Sahihi ni "kila baada ya saa 8", na bora zaidi uzitaje saa zenyewe: "saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku". Hapa tuseme neno la haki kwa wale wanaosema "masaa". Walimu huwakemea, na kweli katika Kiswahili Sanifu wingi wa saa ni saa. Lakini wanaosema "masaa manane" wanatafuta kitu cha maana, kutenganisha muda na wakati. Wapewe njia ya kusema hivyo: "muda wa saa nane", "baada ya saa nane". Kumkemea mtu bila kumpa neno la kushika hakumsaidii.

Na saa zenyewe tunaziandika ovyo. Saa za Kiswahili na saa za kwenye tiketi zinapishana kwa sita: 08:00 ya tiketi ni saa 2 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Anayeandika "saa 8:00" bila zaidi amewapa watu njia tatu: usiku, mchana, au saa 2 asubuhi kwa mtu aliyenakili tiketi. Ukiweka neno "saa", hesabu kwa Kiswahili na umalizie na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ukinakili saa za tiketi, ziache na sura yake, 14:00, bila neno "saa" mbele. "Saa 14:00" ni nusu huku nusu kule. Usiku una utata wake pia. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwa wengi ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa; kwa wengine ni ule unaoufuata. Lugha imeshatupa dawa: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Maneno hayo hayana mjadala.

Tuchukue tangazo moja la msiba tulifumue, maana hayo ndiyo yanayosambazwa zaidi kwenye simu na ndiyo yenye makosa yasiyoweza kurekebishwa baadaye:

FAMILIA YA MZEE SALUM INASIKITIKA KUTANGAZA KIFO CHA MAMA BAHATI KILICHOTOKEA JANA USIKU MAZISHI KESHO SAA 10 MAREHEMU ATASALIWA MSIKITINI WOTE MNAKARIBISHWA

Nani amefariki? Ni mwanamke aitwaye Bahati, au ni mama mzazi wa Bahati, ambaye mtaani anaitwa Mama Bahati? Wanaomjua mmoja tu kati yao wataanza kulia mtu aliye hai. "Jana" ni ya siku gani? Ujumbe ulitumwa Jumanne, ukasukumwa kundi hadi kundi, ukamfikia mjomba wa Tanga Jumatano asubuhi. Kwake yeye "kesho" ni Alhamisi, na atafika kaburi likiwa limeshafunikwa. "Saa 10" ni jioni, au ni 10:00 ya yule kijana anayefanya kazi mjini na kuandika kwa saa za kompyuta? "Mazishi kesho saa 10 marehemu atasaliwa": saa 10 ni ya kuzika, au ya kusalia? Msikiti upi? Tangazo lile lile lingeandikwa hivi:

Familia ya Mzee Salum wa Mbagala inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mzazi, Bahati, kilichotokea usiku wa kuamkia Jumanne, 4 Novemba 2025. Mazishi yatafanyika Jumatano, 5 Novemba 2025. Marehemu atasaliwa saa 9 alasiri katika msikiti ulio jirani na nyumba yake, Mbagala, na kuzikwa saa 10 jioni.

Kilichoongezwa ni siku na tarehe, saa ya kusalia, nukta, mikato na mahali. Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi. 5/11 kwetu ni tano Novemba, lakini jamaa aliyezoea Marekani husoma mwezi kwanza, naye atakata tiketi ya Mei.

Kwenye pesa, alama husaidia kuzuia wizi, na sisi tumezigeuza pambo. "Sh 5000" kwenye risiti ya mkono ina mlango wazi nyuma: mtu akiongeza sufuri moja inakuwa 50000, na kalamu ikiwa ya rangi ile ile huwezi kujua. "Sh 5,000/=" imefungwa. Mkato umeshikilia maelfu mahali pake, na "/=" imefunga mwisho. Asili yake ni hesabu ya shilingi na senti: 2/50 ilikuwa shilingi mbili na senti hamsini, na /= ilimaanisha senti hakuna. Kisha kiasi kiandikwe kwa maneno na kumalizwa na "tu". Hapo pia kuna shimo. "Elfu mia mbili" kwa mmoja ni 200,000, kwa mwingine ni 1,200. Neno dogo "na" ndilo linaloamua: "elfu moja na mia mbili" ni 1,200. Ile 200,000 iite "laki mbili", au "mia mbili elfu". Usiandike kamwe "elfu mia mbili" kwenye karatasi ya deni. Na wafanyabiashara wanaovuka kati ya Kigoma na Bujumbura, au wanaouziana bidhaa na watu wa Bukavu, wakumbuke kwamba kule desturi ya Kifaransa inatawala: nukta au nafasi tupu hutenga maelfu na mkato hutenga sehemu ya desimali. Kilo 2,5 kwao ni mbili na nusu. Faranga 1.500 ni elfu moja na mia tano. Anayeandika bei ya kuvuka mpaka amalize na maneno, asiachie alama peke yake.

Sasa sarufi. Watu huiona kama adabu ya darasani, lakini viambishi vya Kiswahili ndivyo vinavyoonyesha kidole nani na nini. "Nimetuma mzigo na barua. Umepotea." Kilichopotea ni mzigo. "Imepotea." Ni barua. Herufi moja. Ukiharibu upatanisho, msomaji hana njia nyingine ya kujua. Ndiyo sababu kosa lililoenea sana siku hizi, "Mbona haujafika?" kwa kumwambia mtu, linatukera kuliko mengine. Mtu huambiwa "hujafika". "Haujafika" ni mzigo, ni mkopo, ni mwaliko. Wakala wa mabasi anayejibu "haujafika bado" anaweza kuwa anazungumzia kifurushi chako, au anakuuliza wewe uko wapi. Tazama tena "hulipa" na "hulipi": "Wewe hulipa kodi kwa wakati" ni sifa, "Wewe hulipi kodi kwa wakati" ni shutuma, na tofauti ni irabu ya mwisho. "Nipige ukifika" na "nipigie ukifika": mwenye kuelewa ataelewa, lakini ujumbe huo ukisomwa siku moja mbele ya watu wasiowajua, maneno ndiyo yatakayosimama, si nia.

Katika karatasi za mauziano upatanisho ni mali. "Nimemuuzia nyumba na shamba lililopo Kibaha." Kiambishi "li-" kinashika shamba peke yake. Nyumba iko wapi? Mrithi wa muuzaji anaweza kusema ni nyumba ile ndogo ya kijijini, na karatasi haimpingi. Kama vyote viwili viko Kibaha, andika "nyumba na shamba vilivyopo Kibaha", kisha utaje mipaka ya kila kimoja kwa mstari wake. Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021. Karatasi hizi sasa zinasomwa na kupimwa kwa lugha ile ile zilizoandikiwa, kiambishi kwa kiambishi.

Ugonjwa mwingine wa mikataba na katiba za vikundi ni mkato kabla ya "ambao". Linganisha: "Wanachama ambao hawajarejesha mkopo hawatapata gawio." Wanaonyimwa ni wenye deni tu. "Wanachama, ambao hawajarejesha mkopo, hawatapata gawio." Mikato imekitoa kishazi nje kikawa maelezo ya pembeni, na sasa sentensi inasema wanachama wote wana deni na wote wananyimwa. Mwandishi wa kikundi aliweka mikato kwa kuona sentensi ni ndefu. Hapo tunadhani lawama kubwa ni ya kanuni wanayofundishwa watoto, kwamba mkato huwekwa pale unapovuta pumzi. Kanuni hiyo ndiyo inayozaa "Mwenyekiti wa kijiji, anawatangazia wananchi wote", mkato uliomtenga mwenyekiti na kitenzi chake. Kiima na kitenzi havitenganishwi, hata kiima kiwe na maneno kumi. Ukikosa pumzi, fupisha sentensi.

Kugawa na kuunganisha maneno kunawasumbua wengi, hasa "na". "Na kupenda" na "nakupenda" ni vitu viwili. Kipimo chepesi ni kukanusha. "Na omba msaada" ikikanushwa inakuwa "siombi msaada": ile "na" imetoweka, kwa hiyo ilikuwa kiambishi cha kitenzi na ilipaswa kushikamana, "naomba". Lakini "Juma na Asha" ukisema hawakuja, "na" inabaki pale pale. Hiyo husimama peke yake. "Nita kuja", "ame lipa", "tuta onana" zote ni za kuunganisha. "Kwa sababu", "kwa ajili", "kila mtu" ni za kutenganisha, na hiyo ya pili ni "ajili", si "ajiri". Kuajiri ni kumpa mtu kazi.

Jozi za herufi tutazitaja chache tu. Mahali ni pa kukutania, mahari hulipwa na mwoaji. Barua ya wazee isemayo "tutakubaliana mahari" imefungua mjadala ambao huenda haukukusudiwa. Kumdhamini mtu ni kujifunga kwa ajili yake, kumthamini ni kumwona ana thamani. Ukisaini uliloandika la kwanza ukidhani la pili, benki itakuja kwako. Kura hupigwa, kula ni kutia chakula mdomoni. Duka la viti na meza huuza samani, si thamani.

Hapa tuweke jambo moja wazi. Mtu wa Mombasa akiandika "ndia" na "mato" hajakosea. Hicho ni Kimvita, na kina ushairi mkubwa nyuma yake. Mkenya akisema "gari yangu" na Mtanzania akisema "gari langu" wanaelewana bila hasara. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasawazisha tahajia ili vitabu vya shule viwe vya aina moja. Lahaja hazikufutwa kwa hilo. Tunalolipinga ni maandishi ambayo hata mwenye lahaja yake hawezi kuyafahamu kwa namna moja. Na kuna mambo ambayo alama haziwezi: "fuata barabara" ni fuata njia, au fuata sawasawa, kutegemea mkazo uko silabi gani, na mkazo hatuuandiki. Hapo badilisha maneno.

Simu zimeongeza makosa yake. Kuandika "2" badala ya "tu" kulianza kwa kubana nafasi. Sasa "nunua mkate na maziwa 2" inamrudisha mtu dukani mara ya pili: ni maziwa tu, au pakiti mbili? Kama kuna uwezekano wowote wa hesabu katika sentensi, namba ibaki namba. Kibodi iliyopangwa kwa Kiingereza nayo hubadilisha maneno yako bila kukuuliza; nenda kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili katika lugha zake, au uzime usahihishaji wa moja kwa moja.

Ritifaa ya "ng'" inastahili maelezo, kwa sababu wanaotuma ujumbe wa vikundi huiacha wakidhani inawaongezea gharama. Ng'ara ni kuwa na mwanga, Ngara ni wilaya mkoani Kagera, kwa hiyo kuiacha si salama. Gharama ipo, lakini chanzo chake ni kingine. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 katika jedwali la kawaida la herufi, na ritifaa iliyonyooka (') imo katika jedwali hilo. Iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe wote kwa kawaida huhamishiwa mfumo mwingine wenye nafasi ya herufi 70 tu. Ujumbe wa herufi 150, uliokuwa mmoja, unahesabiwa mitatu, na mwenye kuwatumia wanachama 500 analipia 1,500. Alama za mtajo zilizopinda, deshi ndefu na vikatuni vya hisia hufanya vivyo hivyo. Andika ujumbe wako palepale kwenye simu au kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo, tumia ritifaa iliyonyooka, na ng'ombe wako atabaki ng'ombe kwa bei ya ujumbe mmoja.

Alama za mtajo zisitumike kutilia nguvu. Kibao kinachosema nyama ni "safi", kwa alama hizo, kinamwambia mpita njia kwamba usafi huo ni wa kudaiwa tu.

Njia ya kujikagua haichukui dakika mbili. Mpe mtu mwingine asome ulichoandika kwa sauti, wewe ukimsikiliza bila kumwambia kitu. Akisita, hapo pana kasoro. Akishusha sauti mahali ulipouliza, kiulizi hakipo. Akiunganisha agizo la kwanza na la pili, nukta haipo. Kwa ujumbe wenye pesa, dawa au safari, mwombe akueleze kwa maneno yake atafanya nini, saa ngapi, siku gani.

Kwako, Mhariri, tuna ombi moja linalotekelezeka hata wiki hii. Meza yako ya matangazo irudishe kwa mwenyewe tangazo lolote lenye "leo", "jana" au "kesho" bila tarehe, na lolote lenye saa isiyosema ni asubuhi, mchana, jioni au usiku. Anayepokea matangazo kaunta awe na karatasi yenye maswali manne: nani, siku gani na tarehe gani, saa ngapi ya wakati gani, mahali gani. Ayasome kwa sauti mbele ya mleta tangazo kabla hajapokea malipo.

Ni sisi,
Wasoma prufu,
Dar es Salaam